Jinsi ya Kuchambua Athari za Ukata wa Wakati wa Janga kwa Kukubalika kwa Viongozi

Kila janga kubwa linapozuka, liwe la maradhi, vita, mafuriko au kuporomoka kwa benki, maswali mawili huulizwa kwa pamoja: wananchi wameumia kiasi gani, na je, bado wana imani na anayewaongoza? Wengi hudhani kwamba jibu la swali la kwanza linatosha kujibu la pili, yaani maisha yakikaza kiongozi huchukiwa na yakilegea hupendwa. Rekodi haziungi mkono dhana hiyo. Wapo viongozi waliopanda katika kura za maoni huku maelfu ya watu wakipoteza kazi, na wapo walioangushwa wakati takwimu za uchumi zilikwisha kuanza kuonyesha nafuu. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwandishi wa habari au mtafiti anayetaka kulichambua jambo hili kwa kutumia kura za maoni, takwimu za uchumi na matokeo ya chaguzi. Msimamo ninaousimamia ni kwamba ukata peke yake hauamui hatima ya kiongozi. Kinachoamua ni hukumu anayoitoa mwananchi kuhusu chanzo cha ukata huo na kuhusu nani aliyepaswa kuuzuia au kuupunguza, na kwa hiyo anayepima ukata bila kupima lawama amefanya nusu tu ya kazi.

Tenganisha janga, ukata na hukumu

Kosa la kwanza la wachambuzi wengi ni kuyachukua mambo matatu kuwa kitu kimoja. Janga ni tukio: ugonjwa umeingia, vita vimeanza, sarafu imeanguka. Ukata ni kile kinachoifikia kaya: kipato kimekatika, akiba imekwisha, bei zimeuacha mshahara nyuma. Hukumu ni jibu la mwananchi anapoulizwa iwapo anaridhika na utendaji wa kiongozi. Kila kimoja kina kipimo chake, na uhusiano kati yao ndio unaotafutwa, hivyo usianze kazi kana kwamba umekwisha kuthibitishwa.

Marekani ya mwaka 2020 inaonyesha kwa nini utenganisho huu ni wa lazima. Mwezi Aprili mwaka huo ukosefu wa ajira ulipita asilimia 14, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930. Hata hivyo Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya msaada mwezi Machi, watu wazima wengi wakatumiwa dola 1,200 kila mmoja, malipo ya wasio na kazi yakaongezwa, na kipimo cha umaskini kinachojumuisha misaada ya serikali kikashuka mwaka huo badala ya kupanda. Mchambuzi aliyetazama ajira pekee angesema kwamba kaya zote zilikuwa taabani, ilhali katika nyumba nyingi fedha ziliingia, na katika nyingine, hasa za watu wasiokuwa na vibali vya kuishi nchini, hazikuingia kabisa.

Hukumu nayo ina sura zaidi ya moja. Kuridhika na utendaji, kuwa na imani na kiongozi, na kukusudia kumpigia kura ni vitu vitatu tofauti, na mtu anaweza kusema kwamba hamridhii rais wake lakini bado akampigia kura kwa sababu mpinzani anamtisha zaidi. Chagua kimoja, kitaje waziwazi, na usiunganishe kura ya maoni iliyouliza hiki na nyingine iliyouliza kile kana kwamba zote ni mwendelezo wa mstari mmoja.

Chora mstari wa wakati, kisha uuheshimu

Hatua inayofuata ni kupanga mambo yote kwa mwezi. Anza angalau mwaka mmoja kabla ya janga, kwa sababu bila kujua kiongozi alikuwa wapi kabla ya mshtuko huwezi kujua mshtuko umempeleka wapi. Juu ya mstari weka asilimia ya wanaoridhika. Chini yake weka mfumuko wa bei, ajira na tarehe za hatua za serikali, kama vile kufungwa kwa biashara, kutangazwa kwa msaada, kuondolewa kwa ruzuku au kushushwa kwa thamani ya sarafu.

Mara nyingi utakuta kwamba miezi ya mwanzo inakwenda kinyume na matarajio. Mwanasayansi wa siasa John Mueller alieleza mwaka 1970 kwamba matukio makubwa yanayoikabili nchi kutoka nje huwafanya wananchi wajikusanye nyuma ya bendera, na kiongozi aliyepo akapandishwa na mshikamano huo. Rais George W. Bush wa Marekani alikubaliwa na asilimia 51 katika kura ya maoni ya shirika la Gallup iliyochukuliwa siku chache kabla ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na kabla mwezi huo haujaisha alikuwa amefika 90. Miaka saba baadaye, benki zilipokuwa zikianguka mwezi Oktoba 2008, alikuwa na 25. Katika miezi ya kwanza ya janga la korona wimbi kama hilo liliwabeba viongozi wengi duniani, wakiwemo wale ambao uchumi wa nchi zao ulikuwa ukisinyaa kwa kasi. Jacinda Ardern wa New Zealand alikipatia chama chake asilimia 50 ya kura mwezi Oktoba 2020, lakini mwanzoni mwa 2023, gharama za maisha zikiwa ndiyo hoja kuu ya siasa, uungwaji mkono ulikuwa umeshuka sana; alijiuzulu, na chama chake kikashindwa uchaguzi wa Oktoba mwaka huo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika suala la wakati ni wa baba yake Bush, kwa kuwa unaonyesha jinsi saa ya wanauchumi na saa ya wananchi zinavyopishana. George H. W. Bush alifika asilimia 89 mwishoni mwa Februari 1991 baada ya ushindi wa Vita vya Ghuba. Mdororo wa uchumi uliokuwa umeanza Julai 1990 uliisha rasmi Machi 1991, yaani karibu siku zilezile alizokuwa kileleni. Kwa hesabu za kitabuni alipaswa kunufaika na ufufuo. Lakini ukosefu wa ajira uliendelea kupanda hadi ukafika asilimia 7.8 mwezi Juni 1992, yeye mwenyewe akashuka hadi 29 mwishoni mwa Julai, na Novemba akashindwa na Bill Clinton. Kamati ya wanauchumi inayopanga tarehe za midororo nchini humo ilitangaza kwamba mdororo ulikuwa umekwisha mwezi Desemba 1992, uchaguzi ukiwa umeshapita. Kwa hiyo unapoweka takwimu za uchumi kwenye mstari wako, jiulize mwananchi alizihisi lini, wala usitosheke na mwezi ambao zilitokea kwenye vitabu. Pato la taifa linaweza kuanza kukua robo hii, ajira zikarudi mwaka unaofuata, na madeni ya kaya yakalipwa baada ya miaka mitatu.

Mfumuko wa bei unahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu istilahi yenyewe huwapotosha wasomaji. Kushuka kwa mfumuko maana yake ni kwamba bei zinapanda polepole zaidi. Bei zenyewe hazijarudi zilikokuwa. Nchini Ghana mfumuko ulifika asilimia 54.1 mwezi Desemba 2022, mwezi uleule ambao serikali ilisitisha malipo ya sehemu kubwa ya deni lake la nje. Hadi Novemba 2024 ulikuwa umeshuka hadi takriban asilimia 23, na waliotazama mchoro huo wangeweza kudhani kwamba serikali ilikuwa na habari njema ya kuuza. Tarehe 7 Desemba 2024 chama tawala kilishindwa vibaya na John Mahama akachaguliwa kwa zaidi ya asilimia 56 ya kura. Mgombea wa chama tawala, Mahamudu Bawumia, alikuwa makamu wa rais, aliwahi kuwa naibu gavana wa benki kuu, na ndiye aliyeongoza timu ya serikali ya usimamizi wa uchumi, kiasi kwamba hakuwa na mahali pa kuielekeza lawama. Katika jedwali lako, basi, weka safu mbili: moja ya mfumuko wa mwaka, na nyingine ya ongezeko lote la bei tangu janga lilipoanza. Safu ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na kile mnunuzi anachokikumbuka.

Pima ukata pale unapoishi

Takwimu za kitaifa ni wastani, na wastani huficha. Kaya maskini hutumia sehemu kubwa ya kipato chake kwa chakula, hivyo bei ya chakula ikipanda kwa kasi kuliko bidhaa nyingine, mfumuko unaotangazwa utakuwa mdogo kuliko ule unaoikuta kaya hiyo. Zaidi ya hayo, kupanda kwa bei ya nafaka humuumiza anayenunua na kumnufaisha anayeuza, na kama hukutenganisha wakulima wenye ziada na wakazi wa mijini, makundi hayo mawili yatabatilishana kwenye hesabu na utahitimisha kimakosa kwamba bei hazina uzito katika siasa.

Njia iliyo wazi na inayoweza kuigwa ni ile ya mtandao wa utafiti wa Afrobarometer, ambao tangu mwaka 1999 umekuwa ukiwahoji wananchi wa nchi nyingi za Afrika. Badala ya kumwuliza mhojiwa kipato chake, swali ambalo wengi hulijibu kwa kukisia au kwa kuficha, humwuliza ni mara ngapi katika mwaka uliopita yeye au mtu wa nyumbani mwake amekosa vitu vitano: chakula cha kutosha, maji safi, dawa au matibabu, nishati ya kupikia, na kipato cha fedha taslimu. Majibu huanzia sifuri kwa asiyekosa hata mara moja, moja kwa aliyekosa mara moja au mbili, mbili kwa mara kadhaa, tatu kwa mara nyingi, hadi nne kwa anayekosa wakati wote. Aliyepata mbili kwa chakula, sifuri kwa maji, moja kwa matibabu, moja kwa nishati na nne kwa fedha ana jumla ya nane, ambayo ikigawanywa kwa tano inampa 1.6. Kipimo hiki ni rahisi, kinalinganishika kati ya nchi na nchi, na hakihitaji mtu akumbuke risiti.

Pamoja na urahisi wake, kinamtaka mdodosaji awe na subira, kwa sababu watu wengi huona haya kutaja dhiki yao. Mdodosaji kijana akimwuliza mama wa makamo, "Mama, katika miezi 12 iliyopita, ni mara ngapi hapa nyumbani mmekosa chakula cha kutosha?", jibu la kwanza linaweza kuwa, "Tunajitahidi, mwanangu, hatujambo." Hilo si jibu la dodoso, na mdodosaji anayeharakisha ataliandika kama sifuri. Aliyefunzwa vizuri atasubiri, kisha atasema kwa heshima, "Nimekuelewa, mama. Nitakusomea majibu matano, uniambie lipi liko karibu zaidi na hali yenu," na atayasoma yote kwa sauti isiyobadilika. Hapo ndipo "tunajitahidi" inaweza kugeuka kuwa "mara nyingi". Ikiwa unatumia data zilizokusanywa na wengine, tafuta maelekezo waliyopewa wadodosaji, kwa kuwa tofauti ya aina hii haionekani kwenye jedwali.

Angalia pia ni nani aliyefikiwa. Wakati wa janga linalozuia watu kukutana, tafiti nyingi huhamia kwenye simu, na wasio na simu au wasio na umeme wa kuichaji kwa kawaida ndio walio maskini zaidi. Sampuli ya namna hiyo itaupunguza ukata, na pengine itampendelea au itamwonea kiongozi kutegemea maskini hao wanamwonaje. Ukilinganisha kura ya ana kwa ana ya kabla ya janga na ya simu ya wakati wa janga, sehemu ya mabadiliko utakayoyaona ni mabadiliko ya watu waliohojiwa, wala si ya maoni yao.

Swali jingine la kuamua mapema ni iwapo unapima maisha ya mhojiwa mwenyewe au anavyouona uchumi wa nchi. Donald Kinder na Roderick Kiewiet walionyesha, kwa data za Marekani, kwamba wapiga kura huongozwa zaidi na tathmini yao ya hali ya taifa kuliko na mfuko wao binafsi. Mtu aliyepoteza kazi anaweza kusema kwamba ni bahati mbaya yake, lakini akiona mtaa mzima hauna kazi atasema kwamba serikali imeshindwa. Uliza yote mawili, kila moja kwa swali lake.

Uliza lawama inaelekezwa wapi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, na hapa ndipo tafiti nyingi zinapokuwa na swali moja tu au halipo kabisa. Mtu mwenye dhiki anapomfikiria kiongozi hujiuliza, hata kama si kwa maneno haya: je, yeye ndiye aliyeyaleta haya, angeweza kuyazuia, anayashughulikia, na je, anaumia pamoja nasi au sisi peke yetu? Kila swali linaweza kupata jibu lake, na muunganiko wa majibu hayo ndio unaoonyesha kwa nini dhiki ileile humwangusha huyu na kumwacha yule.

Linganisha Sri Lanka na Peru. Gotabaya Rajapaksa alichaguliwa kuwa rais wa Sri Lanka Novemba 2019 kwa zaidi ya asilimia 52, na Agosti 2020 chama chake kikapata viti 145 kati ya 225 vya bunge. Kisha utalii ukakatika kwa sababu ya janga la korona, lakini wananchi walikuwa na orodha ya maamuzi ambayo hayakuletwa na virusi: punguzo kubwa la kodi la mwishoni mwa 2019, na marufuku ya ghafla ya mbolea za viwandani mwaka 2021 iliyoharibu mavuno. Aprili 2022 nchi ilisitisha kulipa madeni ya nje, mafuta na dawa vikaadimika, na Julai rais akakimbia nchi na kujiuzulu. Waandamanaji walilitaja jina la familia moja, iliyokuwa imejaza nafasi za juu za serikali, na hivyo lawama haikuwa na pa kutawanyikia.

Nchini Peru, Alberto Fujimori aliingia madarakani Julai 1990 akirithi kutoka kwa Alan García mfumuko ambao kwa mwaka huo ulizidi asilimia 7,000. Katika kampeni alikuwa amewaahidi wananchi kwamba hatawapiga kwa dawa kali. Chini ya wiki mbili baada ya kuingia madarakani akaondoa ruzuku na bei zikaruka kwa usiku mmoja. Kwa mantiki ya ukata pekee alipaswa kuanguka. Lakini wengi waliona kwamba maumivu yale yalikuwa gharama ya kulisafisha kosa la mtangulizi wake; mfumuko ukashuka hadi takriban asilimia 140 mwaka 1991, na mwaka 1995 akachaguliwa tena katika duru ya kwanza. Sisemi haya kumsifu, kwani mwaka 1992 alilivunja Bunge, na wananchi waliochoshwa na dhiki wakamuunga mkono kwa wingi hata katika hilo. Mchambuzi anapaswa kulikumbuka jambo hili na kulihofia: dhiki inaweza kumpa kiongozi ruhusa ambayo katika nyakati za kawaida asingeipata.

Kwa vitendo, weka kwenye dodoso swali linalotaja wahusika kadhaa, kama vile serikali iliyopo, serikali iliyopita, wafanyabiashara, nchi za nje, mikopo ya kimataifa na nguvu za asili, na mwombe mhojiwa apange wa kwanza na wa pili. Kisha tazama muundo wa utawala. Bingham Powell na Guy Whitten walionyesha mwaka 1993 kwamba uchumi humwadhibu aliye madarakani kwa uzito zaidi pale ambapo madaraka yameshikwa na mkono mmoja, na kwa wepesi zaidi pale yanapogawanywa kati ya vyama, mabunge mawili na serikali za majimbo, kwa sababu mwananchi hupoteza njia anapojaribu kumfuata mhusika. Ugiriki, hata hivyo, inaonyesha kwamba kugawana serikali si kinga. Chama cha PASOK kilipata asilimia 43.9 mwaka 2009, kikatia saini masharti ya kubana matumizi, kikaingia katika serikali ya pamoja na wapinzani wake, na bado Mei 2012 kikapata 13.2, kisha 4.7 mwezi Januari 2015.

Fuatilia msaada hadi mlangoni

Msaada wa serikali ndicho kitu kimoja kinachoweza kugeuza mwelekeo wa mstari wako ndani ya wiki chache, kwa hiyo tarehe za malipo ziandike kwa usahihi kuliko tarehe za matangazo. Nchini Brazil malipo ya dharura ya reais 600 kwa mwezi yalianza Aprili 2020 na yakawafikia zaidi ya watu milioni 60. Taasisi ya Datafolha ilipima mwezi Juni na kukuta asilimia 32 wakisema utendaji wa Rais Jair Bolsonaro ni mzuri au mzuri sana, na 44 wakisema ni mbaya au mbaya sana. Mwezi Agosti, vifo vya korona vikiwa vimepita 100,000, waliomkubali walikuwa 37 na waliomkataa wamepungua hadi 34. Malipo yakapunguzwa hadi reais 300, yakakoma mwishoni mwa Desemba, na Januari 2021 waliomkubali walikuwa 31 na waliomkataa 40. Ni nadra kuona mfano ulio wazi kiasi hiki, ingawa hata huu una mambo mengine ndani yake, ukiwemo uhaba wa oksijeni uliotokea Manaus mwezi huohuo wa Januari.

Kumbuka pia kwamba wananchi hulipa shukrani kwa wanachokiona. Andrew Healy na Neil Malhotra walichunguza matumizi ya serikali ya Marekani kwa majanga ya asili na wakakuta kwamba wapiga kura huzawadia fedha za misaada baada ya janga, lakini si fedha za kujiandaa kabla, ilhali dola moja ya maandalizi waliikadiria kuokoa takriban dola 15 za hasara za baadaye. Matokeo haya hunisikitisha, na nadhani kila anayeandika kuhusu kukubalika kwa viongozi anapaswa kuyataja, kwa sababu yanaeleza kwa nini kiongozi mwenye busara ya kuzuia anaweza kukosa kura huku anayegawa misaada mbele ya kamera akizipata.

Tafuta wa kulinganisha naye

Kushuka kwa kiongozi baada ya janga hakuthibitishi kwamba janga ndilo lililomshusha. Viongozi wengi hushuka kadiri muda wa utawala unavyosonga. Unahitaji kundi ambalo halikuguswa. Mafuriko ya mto Elbe, nchini Ujerumani, yalitokea Agosti 2002, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Septemba 22, na serikali ya Gerhard Schröder ikatoa msaada mkubwa na wa haraka. Michael Bechtel na Jens Hainmueller walilinganisha maeneo yaliyofurika na yale yasiyofurika, wakakadiria kwamba msaada ule ulikiongezea chama chake takriban pointi 7 katika maeneo yaliyoathirika, na kwamba karibu robo ya faida hiyo ilidumu hadi uchaguzi wa 2005.

Hesabu yenyewe haihitaji programu ya gharama. Tuseme katika maeneo yaliyoathirika kiongozi alitoka asilimia 40 hadi 34, na katika yasiyoathirika alitoka 45 hadi 43. Yaliyoathirika yameshuka pointi 6, mengine 2. Pointi 2 zingeshuka hata bila janga, kwa hiyo zinazobaki kuhesabiwa kwa janga ni 4. Sharti la hesabu hii ni kwamba kabla ya janga makundi hayo mawili yalikuwa yakienda mwendo mmoja, na ndiyo maana ule mwaka mmoja wa nyuma kwenye mstari wako ni wa lazima.

Jihadhari na chama. Mfuasi wa serikali huuona uchumi kuwa mzuri kwa sababu anaipenda serikali, na mpinzani huuona mbaya kwa sababu hiyohiyo iliyogeuzwa; Marekani maoni ya wafuasi wa vyama kuhusu uchumi hugeuka mara tu rais mpya anapochaguliwa, kabla hata bei moja haijabadilika. Kwa hiyo, panga maswali ya kukosa chakula au dawa kabla ya maswali ya siasa, na unapochambua, linganisha wenye dhiki na wasio na dhiki ndani ya chama kilekile.

Mahali ambapo watu wanaogopa kusema

Katika nchi ambako kumkosoa kiongozi kuna hatari, asilimia kubwa ya kukubalika inaweza kuwa asilimia ya woga. Uliza mwishoni mwa mahojiano mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma wadodosaji, kisha linganisha majibu ya wanaodhani ni serikali na ya wengine. Tazama pia idadi ya wanaosema "sijui" ikiongezeka kwenye swali la rais huku ikibaki ndogo kwenye swali la bei.

Njia imara zaidi ni jaribio la orodha. Wagawe wahojiwa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lisomewe majina matatu ya watu mashuhuri, la pili lisomewe hayohayo pamoja na la kiongozi, na kila mhojiwa ataje idadi tu ya anaowaunga mkono bila kuwataja. Kama wastani wa kundi la kwanza ni 1.2 na wa la pili ni 1.8, tofauti ya 0.6 inakadiria kwamba asilimia 60 wanamuunga mkono kiongozi, na hakuna mtu hata mmoja aliyelazimika kulisema hilo. Timothy Frye na wenzake walilitumia jaribio hili Urusi mwaka 2015, uchumi ukiwa umebanwa na vikwazo na kuanguka kwa bei ya mafuta, na wakakuta kwamba uungwaji mkono wa Vladimir Putin wakati ule kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kweli. Matokeo hayo yaliwashangaza wengi, na yanafundisha kutodhani mapema kwamba kila sifa imetolewa kwa woga.

Unapoandika matokeo

Kura ya watu 1,200 ina kiwango cha makosa cha takriban pointi 3 juu au chini, na unapolinganisha kura mbili za ukubwa huo, mabadiliko yasiyozidi pointi 4 yanaweza kuwa ya bahati nasibu tu. Usiandike kwamba kiongozi "ameporomoka" kwa pointi 2. Taja swali kama lilivyoulizwa, tarehe za mahojiano, njia iliyotumika na nani aliyelipia utafiti. Ukiwa na data za mikoa pekee, andika kuhusu mikoa. Mkoa maskini kumkataa kiongozi hakuonyeshi kwamba ni maskini wa mkoa huo waliomkataa.

Panga pia tarehe za kupima tena kabla hujaona matokeo ya kwanza: miezi mitatu baada ya mshtuko, mwaka mmoja baadaye, na mara nyingine baada ya msaada kukoma, kwa maneno yaleyale na kwa mpangilio uleule wa maswali. Mueller alikuta kwamba mdororo humshusha rais lakini ustawi haumpandishi kwa kiasi kinacholingana, na tofauti ya namna hiyo haiwezi kuonekana na anayepima wakati wa dhiki peke yake.